Wakimbizi wa Mtaroni

Digna hakuanza kukimbia kwa kupenda. Daktari ndiye aliyemwambia, huku ule mpira wa kupimia presha ukiwa bado umemkaba mkono, kwamba asipoutikisa mwili wake kila siku hatafika miaka hamsini na tano. Digna alikuwa na arobaini na minane na hakuwa na nia ya kumpisha mtu yeyote duniani mapema. Akaenda mnadani, akachagua raba za mtumba, moja ya buluu na nyingine ya buluu iliyochoka zaidi, na kesho yake alfajiri akaanza. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba.

Alikuwa mfuaji wa hospitali ya misheni pale Ifakara, mwanamke wa Kipogoro aliyeshuka kutoka upande wa Mahenge akiwa msichana, mjane, mpana wa mabega, mwenye mdomo ambao hata padri aliuzunguka kwa mbali. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefua mashuka ya wakubwa na wadogo, na kwa sababu alijua kila mtu anaacha nini kwenye shuka akiugua, hakukuwa na suti wala cheo kilichomtisha.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Aneth, nesi kijana wa wodi ya wazazi, aliyetaka kupunguza mwili kabla ya harusi yake. Kisha wakaja walimu wawili wa shule ya msingi, mke wa fundi reli, mama mmoja muuza vitenge na dada zake, na kufikia Pasaka walikuwa kumi na watano. Walikutana kanisani saa kumi na moja na nusu, khanga zimefungwa juu ya kaptula za waume zao, vifua vimekazwa kwa vitenge visije vikawatangulia, wakakimbia mpaka darajani Lumemo na kurudi.

Mji ulicheka. Vijana wa kituo cha basi walikuwa wakiwasubiri kila siku kama watu wanaosubiri sinema.

"Wakimbizi hao! Mbona mnaelekea Lumemo? Kambi yenu iko Kigoma!"

"Afadhali mkimbizi," Digna alimjibu mmoja wao bila kupunguza mwendo, "kuliko wewe uliyekaa pahala pamoja mpaka umeota ukungu."

Jina likabaki. Hata watoto wa shule walipowaona walisema wakimbizi wanapita.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wakiwa wanarudi, walimkuta Katibu Kata amesimama mbele ya ofisi yake, mswaki mdomoni na taulo begani. Aliitwa Fulgensi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye suti moja ya kaunda aliyoivaa kwa uangalifu kama mtu aliyeazima. Aliinua mkono kama trafiki.

"Akina mama! Hebu simameni kidogo."

Wakasimama. Digna alisubiri shikamoo yake, kwa kuwa alimzidi kijana huyo zaidi ya miaka kumi. Haikuja.

"Nawaona kila siku," Fulgensi alisema, akatema povu pembeni. "Nguvu nyingi sana mnazimwaga barabarani. Mnakimbia, mnakwenda wapi? Mnarudi palepale mlipotoka. Kwa nini msizielekeze kwenye maendeleo?"

"Maendeleo gani, Katibu?" Aneth aliuliza kwa adabu.

"Kujitolea. Kwa mfano huo mtaro wa soko. Mwaka wa pili sasa haujazibuliwa."

"Si kuna kamati ya usafi?" Digna aliuliza.

"Kamati ipo," alisema Fulgensi. "Inapanga."

Digna aliijua kamati hiyo. Ilikuwa na wanaume tisa chini ya mzee Eustaki, mwenyekiti wake, na kazi yao iliyoonekana kwa macho ilikuwa kukalia benchi lililokuwa kwenye ukumbi wa mbele ya ofisi. Walilikalia vizuri. Ubao wa benchi ulikuwa umeng'aa.

Angemjibu Fulgensi neno na kuendelea na safari yake, kama si Levina. Levina alikuwa rafiki yake tangu utotoni; walishuka pamoja kutoka milimani, na sasa aliuza mchele pale sokoni, kwenye kibanda kilichokuwa jirani kabisa na mtaro ule. Mtaro ulianzia nyuma ya ofisi ya kata, ukapita chini ya tuta la barabara kwenye kalavati, ukatokea sokoni mbele ya kibanda cha Levina, kisha ukateremka hadi bondeni kuelekea mtoni. Levina alikuwa akiuza mchele huku ameziba pua kwa upindo wa khanga, na wateja walikuwa wakinunua upesi na kuondoka upesi zaidi.

"Tutauzibua," Digna alisema. "Lakini si kwa sababu umesema wewe."

Fulgensi alitabasamu, akaendelea kupiga mswaki. Alikuwa mtu asiyejali sababu, alimradi kazi ifanyike na mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata walikuja na makoleo, majembe na ndoo. Walitoa humo magamba ya perege, pumba zilizooza, kandambili zisizo na wenzake, mifuko ya nailoni, paka mmoja ambaye hakuna aliyekubali kwamba alikuwa wake, na tope jeusi ambalo lilinuka kwa sauti. Wanaume wa soko walitoka wakasimama ukingoni, mikono nyuma, kama wakaguzi waliotumwa na serikali.

"Pale bado kidogo, mama," mmoja alimwelekeza Digna kwa kidole.

"Kidole chako kizuri," Digna alimwambia. "Kilete huku ndani kisaidie."

Kidole kikarudi mgongoni.

Hata hivyo saa nne maji yalikwenda. Levina alileta sufuria la chai ya maziwa na vitumbua, akawapa wote kumi na watano kwa mikono yake, akamwambia Digna, "Leo nimenusa mchele wangu kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi." Digna alirudi nyumbani akiwa na tope mpaka kwenye nywele na furaha ambayo asingekubali kuisema hadharani.

Kosa lao, kama lilikuwa kosa, ni kwamba waliifanya kazi vizuri.

Wiki iliyofuata ikaja barua yenye mhuri. Kikundi cha Wakimbiaji kilitakiwa kufyeka majani ya zahanati. Wakafyeka. Ikaja nyingine: kusomba matofali ya nyumba ya mwalimu. Wakasomba, huku mwalimu mwenyewe, aliyepangiwa kuishi humo, akiwatia moyo kutoka kivulini. Ikaja ya tatu, kuzibua mtaro tena, na ya nne, kufyeka majani ya ofisi ya kata yenyewe, ambako wanaume tisa wa kamati ya usafi waliinua miguu kwa zamu ili akina mama wafagie chini ya benchi.

"Huyu kijana ana mhuri," Digna alimwambia Aneth, akiitazama ile barua kwa mkono ulionyooshwa mbali. "Angalia anavyougonga. Mara mbili, juu na chini, kama muuguzi mwanafunzi anayetafuta mshipa."

"Lakini mama, tunaheshimika," Aneth alisema. "Siku hizi hata kituo cha basi hawatucheki."

"Hawatucheki kwa sababu wameshatuzoea, kama wanavyomzoea punda."

Alisema hivyo, lakini kila Jumamosi alikuwapo, wa kwanza kushuka mtaroni na wa mwisho kutoka. Alijiambia ni kwa ajili ya Levina.

Mwezi wa tisa ulitangazwa ukaguzi wa usafi wa kata, na mgeni angetoka mkoani. Fulgensi alikuja kanisani mwenyewe alfajiri, suti imepigwa pasi, na siku hiyo shikamoo zilimwagika kama gunia la mtama lililopasuka. Kwa wiki nzima wanawake wale hawakukimbia kabisa. Walifagia soko, walichoma taka, walipaka chokaa mawe ya kuzunguka mlingoti wa bendera, walizibua mtaro kuanzia mtoni, ndani ya kalavati, mpaka nyuma ya ofisi. Kalavati lenyewe lilikuwa jembamba. Digna aliingia humo kwa tumbo na koleo la mkono mfupi, akatoka upande wa pili mweusi tii, Aneth akacheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe walipofika wamevaa vitenge vya sare, Fulgensi aliwapokea mlangoni.

"Akina mama, nyie mtakuwa jikoni. Mgeni lazima ale."

Basi wakapika pilau nyuma ya ofisi, na kutoka huko nyuma walisikia kila kitu. Walimsikia mgeni akisema hajaona kata safi namna ile katika bonde zima, si Idete, si Mlimba. Walimsikia mzee Eustaki akipanda jukwaani, akikohoa, akisema kamati yake haikulala, kwamba vijana wake walishuka mtaroni jua likiwaka na mvua ikinyesha. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa sita. Walisikia makofi. Eustaki alipewa cheti na toroli jipya la bati, zawadi ya kamati bora ya usafi, akalisukuma kuzunguka uwanja mara mbili kwa furaha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya kamati hiyo kwa mjumbe wake kusukuma kitu.

Chakula kikapelekwa. Digna alibeba sinia la mgeni mwenyewe. Alipoliweka mezani mgeni alimtazama, mtu mzima mwenye miwani, wa heshima.

"Na hawa akina mama?" alimuuliza Fulgensi.

"Hawa ni wapishi wetu, mheshimiwa."

Mgeni alikuwa ameshachota kijiko cha kwanza. Digna alipiga goti kidogo, kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, mheshimiwa. Karibu sana ule. Mikono iliyopika pilau hii ndiyo iliyokuwa ndani ya mtaro wako juzi mpaka kwenye makwapa. Lakini usihofu, tulinawa. Waulize hawa wa kamati kama wana tope la kunawa."

Kijiko kikasimama hewani. Mzee Eustaki alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Fulgensi alicheka, kicheko kirefu cha mtu anayetaka wote waamini kwamba ni mzaha, akasema huyu mama ndiye mchekeshaji wetu. Mgeni naye akacheka, taratibu, akala kidogo sana, na kabla ya saa nane gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Digna alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya sufuria.

"Kuanzia Jumatatu," aliwaambia wenzake, "tunakimbia tu."

Wakakimbia tu. Barua zilikuja na mhuri juu na chini, na Digna alizitumia kuwashia jiko. Mwezi wa kumi ukaingia, mtaro ukaanza kujaa kama zamani, na hapo ndipo Digna alipoona jambo ambalo hakulitegemea hata yeye aliyekuwa haamini mema mengi juu ya watu. Soko lilikasirika, na hasira yake haikumwendea Fulgensi wala Eustaki. Iliwaangukia wao.

"Nyie wakimbizi!" muuza samaki mmoja aliwapigia kelele wakipita. "Mtaro unanuka! Mnakimbia tu kama vichaa na kazi mmeiacha?"

"Kazi gani?" Digna alisimama safari hii.

"Ya mtaro. Si ndiyo kazi yenu?"

Digna alimtazama mtu huyo, na magamba ya samaki wake aliyokuwa akiyasukumia mtaroni kwa mguu wakati huohuo wa kulalamika. Alitafuta neno la kumfaa, akaona maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya thamani kuliko mtu mwenyewe, akaendelea kukimbia.

Kisha akaitwa ofisini. Alikwenda na Aneth, baada ya kazi, mikono bado ina harufu ya sabuni ya hospitali. Fulgensi alikuwa nyuma ya meza na Eustaki pembeni yake.

"Mama Digna," Fulgensi alisoma kwenye karatasi, "kikundi chako kinalalamikiwa kwa kutelekeza majukumu ya kata. Unajibu nini?"

"Soma tena hapo kwenye majukumu."

Akasoma tena.

"Sasa nionyeshe barua yangu ya kuajiriwa."

"Nyie mlijitolea."

"Tulijitolea, tumejitoa."

Aneth aliziba mdomo kwa kiganja. Eustaki alisema kwa ukali kwamba wanawake wa siku hizi wamekosa adabu, na kwamba kamati yake itachukua hatua.

"Itachukua?" Digna alimgeukia. "Mzee wangu, shikamoo. Hiyo itakuwa hatua ya kwanza ambayo kamati yako imewahi kuchukua, maana hata kutoka kwenye benchi mpaka chooni wanakwenda kwa kusitasita. Na wewe, Katibu, kama unanifukuza kazi, niandikie. Nitaiweka kwenye fremu. Itakuwa mara ya kwanza kufukuzwa kazi nisiyokuwa nayo."

Walitoka wakicheka, na mji ulisimuliwa. Digna alitembea wiki nzima akiwa amenyooka mgongo. Alikuwa amewashinda. Alilala na kuamka akiwaona Fulgensi na Eustaki wamenywea kwenye viti vyao, na picha hiyo ilimshibisha kuliko chakula.

Ni Levina peke yake ambaye hakucheka.

"Digna," alimwambia siku moja akipepeta mchele, bila kuinua macho, "redioni wanasema mvua za mwaka huu si za kawaida. Wanaziita El Nino. Nimeshusha magunia ya mpunga kutoka Idete, yale ya mbegu ya shingo ya mwali, na sina pengine pa kuyaweka. Mtaro huo unapita kwangu."

"Wacha uzibe. Wakinyeshewa ndipo watakapojua."

"Nani watakaonyeshewa?"

"Hao wakubwa."

Levina alipepeta kidogo. "Ofisi yao ina msingi wa mawe," alisema. "Mimi nina udongo."

Digna alisikia, lakini alisikia kama mtu anayesikia kengele ya kanisa la watu wengine. Alisema wiki ijayo atakuja peke yake kumzibulia, na wiki ijayo akawa na mashuka mengi, na iliyofuata akasahau.

Mvua ilianza Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja na haikukatika mpaka Jumamosi. Wazee waliokuwa wameona mafuriko mengi bondeni walisema hii ni nyingine. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Digna alikwenda sokoni akiwa amevua viatu, maji yakimfika kwenye ugoko. Alimkuta Levina ametandaza turubai kwenye baraza la jirani, na juu ya turubai kulikuwa na mpunga, rundo baada ya rundo, umeloa, umeanza kuvimba na kutoa harufu ya uchachu. Ndani ya kibanda ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka. Magunia ya chini hayakuwa tena na umbo la magunia.

"Levina," alisema.

Levina alikuwa akiusambaza mpunga kwa viganja, polepole, ingawa jua halikuwapo na wala halikuwa na dalili ya kuwapo.

"Umekuja kuona ulivyowakomesha?" aliuliza.

Digna, ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele ya daktari, padri wala Katibu Kata, aliinama ashike pembe ya turubai. Levina akamwondoa mkono, bila ukali, kama anavyomwondoa kuku.

"Acha. Utaumwaga."

Digna aligeuka akaenda nyumba kwa nyumba. Baadhi ya wenzake walikataa, mke wa fundi reli alisema, "Si ulituambia wewe wakome?" na Digna hakubishana naye. Saba walikuja na makoleo yao. Aneth alikuwa mmojawapo, ingawa harusi yake ilikuwa imebakiza wiki moja na mikono yake ilikuwa imeshachorwa hina. Alimtazama Digna usoni, akaanza kuchimba bila kuuliza.

Walianzia chini, kule mtoni, kwa sababu mtaro hauzibuliwi kutoka juu, wakapanda taratibu. Mvua ilikuwa imeanza tena kunyunya. Wanaume walijipanga chini ya mabati ya soko, mikono nyuma. Yule muuza samaki, meza yake ikielea, aliwaambia wamechelewa mno.

"Tumechelewa," Digna alikubali. "Na wewe umewahi kufika wapi?"

Tope lilikuwa zito na hawakuwa na cha kulisombea. Digna alimtuma Aneth nyumbani kwa Eustaki kuomba lile toroli. Aneth alirudi mikono mitupu.

"Nimelikuta. Amepandia humo mchicha. Anasema likiondolewa miche itakufa."

Basi wakasomba kwa ndoo na vichwa. Saa tisa walifika mbele ya kibanda cha Levina, maji yakavuta pumzi, yakazunguka, kisha yakaanza kwenda. Yalikwenda kwa kishindo, yakiburuza majani na kandambili, na sakafu za vibanda zikaanza kuonekana moja baada ya nyingine. Walibakiza kalavati tu. Upande wa pili wa tuta la barabara, kwenye uwanja wa ofisi ya kata, maji yalikuwa yamesimama kama bwawa, yakigusa ngazi ya tatu ya ukumbi, na lile benchi maarufu lilikuwa likiogelea taratibu kuelekea mlingoti wa bendera.

Fulgensi alikuwa amesimama ukumbini, suruali imekunjwa magotini, faili kifuani. Alipowaona wamenyoosha migongo akapaza sauti.

"Mama Digna! Shikamoo! Bado kalavati tu, mama yangu!"

Wenzake walimtazama Digna. Ilikuwa kazi ya saa moja, labda na nusu. Alilijua kalavati hilo kwa tumbo lake mwenyewe.

"Marahaba," Digna alimjibu kwa sauti iliyovuka barabara. "Kalavati ni la kamati. Si inapanga?"

Akaweka koleo begani. Wenzake wakatoa vicheko vya uchovu, na Digna naye alitamani kucheka. Lakini alipogeuka alimwona Levina amesimama kwenye mlango wa kibanda chake, ameegemea nguzo, akitazama ukuta uliobomoka wala si bwawa la ofisi.

Ofisi ilikaa majini siku nne. Siku ya nne Fulgensi aliingia bwawani mwenyewe na mti mrefu, Eustaki akimwelekeza kwa kidole kutoka ukumbini, na wajumbe wengine wa kamati wakipeana zamu ya kusema pale bado. Mji mzima ulikuja kuangalia. Kalavati lilipofunguka lilimfungukia Katibu kwa nguvu na kumkalisha chini, akatoka humo na kaunda suti yenye rangi ya mtaro, na kwa mara ya kwanza tangu apangiwe kata ile alinuka kama watu aliokuwa akiwaandikia barua. Hakuwaandikia tena. Mwaka uliofuata alihamishwa, na watu walisema amepelekwa penye ofisi kubwa zaidi, kwa kazi nzuri aliyoifanya ya usafi. Digna aliposikia hivyo hakushangaa hata kidogo.

Mpunga wa Levina haukuokoka. Sehemu kidogo ilikwenda kwa wapika pombe, iliyobaki ikaliwa na kuku wa mtaa mzima. Digna alimpelekea siku moja debe la mchele wake mwenyewe, Levina akalipokea, akashukuru kama anavyomshukuru mtu yeyote, na Digna akaona afadhali angetukanwa.

Jumamosi ya kwanza jua lilipotoka sawasawa, wale saba na wengine watatu hawakwenda darajani. Walikimbia mpaka kwenye kibanda cha Levina, kila mmoja na mti au fito begani, wakaanza kujenga ukuta wa nyuma na kichanja cha kuinulia magunia. Hakuna aliyewaandikia barua. Digna alichimba mashimo ya nguzo kimyakimya, na wenzake, ambao hawakuwahi kumwona akikaa robo saa bila kumsema mtu, waliangaliana.

Levina alikuja kusimama nyuma yao, mikono kiunoni.

"Nguzo hiyo imeinama," alisema.

Digna akaing'oa, akaisimamisha upya.

"Bado. Umezoea kufua tu, wewe. Lete hapa."

Akamnyang'anya nguzo, akachukua shoka, akakunja khanga, akaanza kuchonga mguu wa nguzo mwenyewe, huku akilaumu jinsi wanawake wa siku hizi wasivyojua hata kusimamisha mti. Naye Digna akashika upande wa pili wa nguzo, akaikaza isitikisike, akalaumiwa mpaka mchana.